Aliyebaki Kwenye Kichuguu

Kwanza unasikia upepo. Halafu kuna kitu kinakwaruza, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, na sauti ya mjomba wangu, karibu mno na maiki, ikimwambia mtoto wa watu asiguse waya. Kisha ngoma. Haziingii zote kwa mpigo. Inaanza moja, nzito, ndogo zake zinaifuata, na kabla ningi hajamaliza mstari wa kwanza watu wamekwisha kumwitikia. Kwenye karatasi ya kasha la kanda mjomba ameandika kwa kalamu ya bluu: Maganzo, Julai, saa nane mpaka tisa, upande wa mbuyu. Mwaka hakuandika. Upande ulioshinda pia hakuuandika, jambo ambalo kwa Msukuma yeyote ni kama kusimulia mechi ukaacha magoli.

Kwa asiyetoka Usukumani: ngoma za kule, mbina kwa lugha yenyewe, zina vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Simulizi zinavianzisha na mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana kwa nyimbo na kwa dawa. Mavuno yakiisha na kiangazi kikishika, pande hizi hukutana, na mashindano yao hayana meza ya majaji. Ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na duara lake. Watazamaji wako huru kutembea. Duara litakaloishia na watu wengi ndilo limeshinda, basi. Ndiyo maana wacheza buyeye huja na nyoka, wa bugobogobo hurusha majembe yao juu na kuyadaka, na ningi, yule mtunzi anayeimbisha, huweka akiba wimbo wake mkali kwa dakika anayoijua yeye. Kila kinachofanyika pale kinafanyika ili miguu ya watu igeuke.

Mtu wa studio angeuona umati ule kama kero ya kuzibiwa mlango. Mjomba aliuhitaji. Alikuwa fundi redio, mwenye kibanda Shinyanga mjini, na kila msimu wa mbina alikifunga siku mbili tatu, akafunga vitu vyake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akatoweka. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Alikuwa mpenzi wa ngoma tu, na ubishi wake na dunia ulikuwa kwamba kanda zilizokuwa zikiuzwa sokoni zilirekodiwa na watu wasiojua pa kusimama.

Chombo chenyewe kilikuwa redio kaseti ya spika moja, inayokula betri kubwa. Adui wa kwanza alikuwa humo humo ndani. Redio kaseti za aina ile hujirekebishia sauti zenyewe: kishindo kikiingia, hupunguza kila kitu, kisha hupandisha polepole. Ngoma kubwa ikilia karibu, ningi anazama. Ngoma ikitulia, anaibuka, na pamoja naye upepo na kikohozi cha jirani. Rekodi inakuwa kama inahema. Kanda nyingi za mbina zinahema hivyo, na wengi wetu tulikua tukidhani ndivyo ngoma inavyolia. Mjomba hakuweza kuitoa tabia hiyo bila kuiua mashine (alijaribu, na redio moja ilifia mezani), kwa hiyo akaitafutia dawa kwa miguu. Alifika uwanjani mapema, wapigaji wakiwa bado wanaota ngozi za ngoma motoni, akawa anatembea kurudi nyuma hatua moja moja, akisikiliza, hadi pale ambapo mkono wa mpigaji na koo la mwimbaji vilimfikia vikiwa vimekaribiana nguvu. Hapo akachora mstari kwa kisigino.

Umbali peke yake hautoshi. Ukisimama nyuma ya watu, miili yao inameza sauti nyembamba, yaani maneno na njuga, na kukuachia kishindo kitupu. Lazima upande juu ya vichwa. Shinyanga ni tambarare ya mbuga na mibuyu, mtu hapati kilima cha kukodi. Lakini vichuguu vipo. Juu ya kichuguu alisimamisha baiskeli, juu ya baiskeli akafunga mwanzi, na kwenye ncha ya mwanzi ikaning'inia maiki aliyoing'oa kwenye redio mbovu, imevalishwa sponji ya godoro na kipande cha kanga kuzuia upepo. Waya uliteremka hadi kwenye redio, aliyoilaza chini, imefunikwa koti. Maiki ya ndani hakuitumia kabisa: ukiirekodia, mota ya mashine inavuma wimbo mzima kama nyuki aliyefungiwa kopo.

Na betri. Nilichelewa kuelewa kwa nini mwisho wa baadhi ya kanda zake ningi anaanza kuimba kwa haraka, sauti ikipanda kidogo kidogo hadi anakuwa mtoto. Ni kwamba betri zilikuwa zinakufa uwanjani. Mota ikichoka, utepe unakwenda taratibu. Ukija kuucheza nyumbani kwa mwendo wake wa kawaida, kila kilichoshikwa wakati wa uchovu kinakimbia. Mjomba hakuzitupa kanda hizo. Alihifadhi betri zilizochoka kwenye kopo la maziwa, na alipotaka kutoa nakala ya sehemu ile aliichezea kwa betri hizo hizo, akizibadilisha moja moja hadi mashine ikazeeka kwa kiasi kile kile ilichozeeka siku ile. Ningi akarudi kuwa mtu mzima. Sijawahi kuona matumizi mazuri zaidi ya kitu kibovu.

Mkanda wa Maganzo ni wa mono. Hauna kushoto wala kulia. Una karibu na mbali tu. Karibu na mbali vimetosha kusimulia mashindano yote. Kwa robo saa ya kwanza watu ni ukuta: wanaitikia, wanacheka, mzee mmoja anarudia kila mstari nusu pigo nyuma ya wenzake, na ngoma za duara la pili zinasikika kama mvua ya kijiji jirani. Mnamo dakika ya 19 kicheko kikubwa kinatoka kule mbali. Ningi wa upande wa mbuyu anaongeza sauti. Kicheko cha pili. Mwanamke anamwita mwenzake waende wakaone. Halafu inaanza sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kasoro ya utepe, mchakacho laini usio na mapigo; ni miguu kwenye majani makavu, mingi, ikipita pande zote mbili za kichuguu. Hakuna anayezomea, hakuna anayeaga. Yule mzee wa nusu pigo nyuma anaendelea mistari miwili zaidi, kisha naye hayumo.

Hapo ndipo rekodi inapokuwa nzuri kuliko popote. Kati ya ningi na maiki hakuna tena mtu. Unasikia njuga moja moja, unasikia kijiti kikigusa ukingo wa ngoma, unasikia pumzi anayoivuta kabla ya mstari mrefu. Katika kanda za mjomba, walioshindwa ndio wanaosikika vizuri. Washindi wamefunikwa na watu wao. Ilinichukua miaka kuacha kuliona hilo kama bahati mbaya. Wenye imani zao watakwambia umati ule ulihamishwa na dawa, na mjomba hakubishana na dawa. Yeye alikuwa na dakika tu, zimekaa kwenye utepe kwa mpangilio zilivyotokea.

Niliwahi kumwuliza kama hakutamani kwenda kuona kilichowachekesha watu. Alitamani sana, akasema, ila waya ulikuwa mfupi.

Baadaye, ukubwani, nikasoma habari za Mike Millard wa California, nikacheka peke yangu. Millard alirekodi matamasha ya rock mjini Los Angeles miaka ya sabini akiwa amekaa na watazamaji, kinyume cha masharti ya ukumbi. Mashine yake, Nakamichi 550, ilikuwa nzito, kwa hiyo aliiingiza kwa kujifanya mgonjwa: amekalia kiti cha magurudumu, mashine iko chini yake. Tarehe 26 Aprili 1975 aliwarekodi Pink Floyd pale Sports Arena, miezi kadhaa kabla ya santuri yao ya Wish You Were Here kutoka. Wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa rekodi bora kuwahi kufanywa na mtazamaji. Ndani yake zimo nyimbo mbili ambazo dunia ilizipata rasmi mwaka 1977 tu, kwenye Animals, zikiwa zimebadilishwa majina na kukomaa. Mkanda umezishika zikiwa bado zinatafuta miguu. Mwaka 2025, santuri ile ilipotimiza miaka 50, rekodi ya Millard ilisafishwa na Steven Wilson na kutolewa rasmi pamoja nayo. Kazi ya kuibia ikapewa kiti sebuleni.

Millard na mjomba, wote wawili walijua kwamba pa kukaa ni nusu ya kazi. Lakini Millard alihitaji majirani wake wanyamaze. Pale ukumbini muziki ulikuwa jukwaani na watu walikuwa kelele. Maganzo, muziki uliuliza swali na miguu ya watu ikajibu. Kwa masikio yangu kazi ya mjomba ilikuwa ngumu zaidi, nami ni mpwa wake, kwa hiyo punguza asilimia kumi.

Kanda zilisafiri kuliko mwenye nazo. Vijana walioondoka Shinyanga na Kahama kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu walitaka mbina ya nyumbani, na nakala zikazaa nakala. Kila uzao unaongeza mchirizo wa utepe na kula kingo za sauti. Mjomba aliandika namba kwenye kasha: 1 ni mama, 2 mtoto, 3 mjukuu, na zaidi ya mjukuu alikataa kutoa. Wengine hawakukataa. Miaka kadhaa nyuma, Katoro, nikisubiri gari, spika ya kibanda cha chipsi ilikuwa ikishindana na jenereta na karasha iliyokuwa ikisaga mawe nyuma ya nyumba, na wimbo uliokuwa ukitoka ulikuwa umechakaa hasa: ningi amebaki mvuke, ngoma zimebaki vumbi. Sikuutambua hadi ulipoanzishwa upya. Upepo, kukwaruza, na mtu mzima anamkataza mtoto asiguse waya. Ule uzao sijui ulikuwa wa ngapi. Kijana mwenye kibanda alikuwa nao kwenye memori kadi na alidhani maneno yale ni sehemu ya wimbo.

Siku hizi uwanjani simu ni mia, zote zimeinuliwa, zote zinatafuta uso wa ningi. Picha ni safi. Sauti mara nyingi ni ya mtu anayetembea, maana mwenye simu naye anafuata kicheko, na simu nyingine zina programu inayodhani kelele za watu ni uchafu wa kufutwa. Sina ugomvi nazo. Ila sijapata bado video ambayo ndani yake unasikia watu wakiondoka, kwa sababu anayerekodi huwa ameondoka nao.

Wiki chache baada ya Maganzo, ningi wa upande wa mbuyu alifika kibandani. Mjomba alidhani amekuja kuomba mkanda ufichwe. Akamkaribisha kigoda, akampa maji, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe kama inavyopasa, kisha mkanda ukawekwa. Mgeni alisikiliza upande wote wa kwanza bila kusema kitu, macho yake kwenye gurudumu dogo linalozunguka nyuma ya kidirisha. Ulipokwisha aliomba arudishiwe pale kabla ya kicheko cha kwanza. Akasikiliza. Akaomba tena. Mara ya tatu alianza kuhesabu mistari yake kwa vidole, na kwenye mstari wa saba akasimamisha kidole hewani, mchakacho wa miguu ukaanza, akatikisa kichwa polepole. "Mrefu," akasema. Mjomba aliponyoosha mkono kubonyeza kitufe cha kurudisha, mgeni alimzuia, akautoa mkanda mwenyewe, akaomba kalamu, na akaanza kuuzungusha kwa mkono ili asimmalizie mwenzake betri.