Nusu Nimeikalia: Kanga kama Ukurasa

Ukisimama alasiri kwenye barabara ya pwani ya Mutrah, soko likiwa mgongoni na bahari mbele yako, Bandari ya Sultan Qaboos huwa mkono wa kushoto. Ilifunguliwa mwaka 1974, na kwa miaka 40 ilikuwa lango kuu la shehena la Muscat. Mwaka 2014 shughuli za makontena zilihamishiwa Sohar, na bandari ikabaki zaidi na meli za watalii, nyeupe na ndefu kama mitaa iliyolazwa juu ya maji. Nilikuwa huko kwa siku chache, na jioni ya mwisho nilikuwa nikitembea nyuma ya benchi alilokalia bibi mmoja aliyejitanda kanga. Upande wa kushoto wa jina la kanga ulikuwa wazi mgongoni mwake: NJIA NI YAKO. Upande wa kulia uliingia chini yake ukapotea. Nilisimama kuusoma muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, hata akageuka.

“Unasoma nini, mwanangu?” Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, hakikupungua kitu.

“Shikamoo bibi. Nasoma kanga yako.”

“Marahaba. Hujaisoma. Hiyo nusu. Nusu nimeikalia.”

Akacheka, akainuka kidogo, akalivuta pindo. Maneno yaliyobaki yakatoka: MLANGO NI WANGU. Akaketi tena, na mlango ukafichika tena.

Makala hii ni jaribio la kulielewa jibu hilo, maana lilinigusa mahali pabaya. Kila mwaka ninafundisha kipindi kimoja juu ya ushairi wa umbo, yaani ushairi ambao maana yake imo katika namna maneno yalivyolazwa kwenye karatasi kama ilivyo katika maneno yenyewe. Ninaanza na Guillaume Apollinaire wa Ufaransa na kitabu chake Calligrammes cha 1918. Ninapita kwa Eugen Gomringer, aliyezaliwa Bolivia na kuishi Uswisi na Ujerumani, ambaye mwaka 1953 alichapisha mashairi aliyoyaita makundi ya nyota: maneno machache yaliyotawanywa juu ya weupe wa ukurasa. Ninafika São Paulo kwa kundi la Noigandres, yaani Augusto de Campos, ndugu yake Haroldo na Décio Pignatari, ambao ilani yao ya 1958 ilidai kwamba nafasi ya ukurasa ni sehemu ya muundo wa shairi wala si pengo lililoachwa na maneno. Kisha mwanafunzi huuliza, kama wanavyouliza kila mwaka: “Na sisi je?” Nami, kwa miaka mingi, nimejibu kwamba ushairi wetu ni wa sikio.

Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu ya pili nilikuwa nimeikalia. Uhakiki wetu umejengwa juu ya vina na mizani, na vyote viwili hupimwa kwa sauti. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka huohuo wa 1974, ugomvi uliozuka juu ya mashairi huru ulikuwa juu ya yale ambayo sikio limenyimwa. Wachache walijali kwamba jicho nalo lilikuwa limepewa kitu kipya: mistari mifupi, mistari mirefu, ukingo wa kulia uliochanika. Hata kabla ya hapo, tenzi zilipotoka katika miswada ya hati za Kiarabu kuingia katika vitabu vya hati za Kirumi, umbo lilibadilika kimyakimya. Katika miswada mingi ubeti mzima wa utenzi ulilazwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama za mapambo. Mpigachapa aliuvunja mstari huo akavipanga vipande kimoja chini ya kingine, ngazi ya vidato vinne, na sisi tukarithi ngazi hiyo kana kwamba iliteremka pamoja na utungo.

Lakini wakati sisi tukijadili vitabu, kulikuwa na ukurasa mwingine uliokuwa ukichapishwa kwa wingi kuliko diwani zetu zote. Tuutazame basi kama tunavyoutazama ukurasa.

Kanga ni mstatili wenye urefu wa takriban mita moja na nusu na upana unaozidi mita moja kidogo. Una pindo pande zote nne, una mji katikati, na una jina, ndani ya ukanda mwembamba juu ya pindo la chini. Tazama mpango huu ulivyo thabiti. Rangi hubadilika, mji huwa na maua, korosho, kuku au nukta tupu, lakini jina halihami. Liko katikati ya upana, karibu na chini, kwa herufi kubwa, mara nyingi bila alama ya kituo. Kukosekana kwa alama hizo si uzembe. NJIA NI YAKO MLANGO NI WANGU, likiandikwa kwa mkato katikati, ni kauli iliyokwisha kugawanywa na mtu mwingine kwa niaba yako. Bila mkato, ni jicho linalogawanya: mizani 5 huku, 6 kule, na mlango ukiwa mzito kidogo kuliko njia.

Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, huwapo maandishi mengine ambayo hatuyahesabu: alama ya mfanyabiashara. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza mwaka 1887, inayotangaza kwamba kanga ni mali ya Abdulla. Ni kama jina la mchapishaji kwenye kitabu, ila kitabu hiki huvaliwa. Mwanamke hupita njiani akisema jambo lake zito kwa sauti ya jina, na chini ya jambo hilo mwanamume asiyehusika anadai umiliki wa kitambaa. Mshairi wa São Paulo angetoa mengi ili aipate kejeli hiyo bila kuitunga.

Kisha kuna doti. Kanga huuzwa mbili zikiwa zimeungana, na mnunuzi ndiye anayekata na kupinda. Yaani shairi hutoka kiwandani likiwa nakala mbili, na tendo la kwanza la msomaji ni kushika mkasi. Moja huzungushwa kiunoni, nyingine hutandwa. Au moja hubaki na moja hupewa shoga, na tangu hapo utungo mmoja unasema mahali pawili kwa watu wawili tofauti. Viwanda vilivyochapisha kanga vilikuwa Uholanzi, India, Japani, na baadaye Urafiki, Dar es Salaam, uliofunguliwa 1968. Lakini kiwandani huishia nusu ya kwanza ya uchapaji. Nusu ya pili hufanywa na mwili. Kanga ikifungwa, ikikunjwa, ikikaliwa, sehemu ya jina hufichika na sehemu hubaki, na kilichobaki huwa shairi jingine. NJIA NI YAKO pekee ni ukarimu. MLANGO NI WANGU pekee ni onyo. Yote mawili ni mpaka uliowekwa kwa adabu. Mvaaji anaweza kuonyesha lolote kati ya matatu hayo bila kufumbua kinywa, na akiulizwa, akasema upepo ndio uliovuta nguo.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Tasnifu yangu ya uzamivu, niliyoiandika Ulaya, ilikuwa na kiambatisho cha majina ya kanga. Nilikipenda sana kiambatisho kile. Majina yalipangwa kwa alfabeti, kila moja na namba yake, tafsiri yake na maelezo mafupi. Waliokisoma walikisifu kwa unadhifu. Lakini ndani yake hamkuwa na rangi hata moja, wala kipimo, wala neno juu ya mji ulioambatana na jina, wala juu ya nani aliivaa mbele ya nani. Nilikuwa nimefanya kwa kanga jambo ambalo ningemkaripia mwanafunzi kama angelifanya kwa Gomringer: kuyaokota maneno kutoka kwenye nafasi yake, kuyapanga katika mstari mmoja, kisha kusema, hili ndilo shairi. Kanga nilizozinakili nyingi zilikuwa za watu, nikazirudisha. Leo ninayo majina. Kanga sina.

Ningeweza kuishia hapa nikisema kwamba tulikuwa na ushairi wa umbo kabla ya Uswisi na Brazili, na hadhira ingepiga makofi. Sitaki makofi hayo, kwa sababu kufanana huku kuna mwisho, na mwisho huo ndio wenye faida. Washairi wa umbo wa miaka ya hamsini walitamani shairi lisilohitaji msemaji. Gomringer aliona lugha ya zama zake ikielekea kwenye ufupi wa vichwa vya habari na mabango, akataka shairi liwe kitu cha kutumiwa, wazi kwa kila mtu, kisichomlenga mmoja. Kanga haikubali hivyo. Maandishi yake huitwa jina, hayaitwi shairi wala methali. Jina lina mwenyewe, na huitwa kwa kusudi kwamba mtu fulani ageuke.

Tukio la Berlin linanisaidia hapa. Mwaka 2011 shairi moja la Gomringer, la maneno machache ya Kihispania, lilichorwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa nje wa Chuo cha Alice Salomon. Linataja njia, maua na wanawake, na mwishoni anatokea mwanamume mmoja anayevutiwa. Katika kitabu lilikuwa limekaa miongo mingi bila kumsumbua mtu. Juu ya ukuta, mbele ya wanafunzi wa kike wanaopita kila siku, baadhi yao waliliona kama jicho linalowafuata. Mabishano yakawa makubwa, na mwaka 2018 lilifutwa, likawekwa shairi la Barbara Köhler. Wengi walililia uhuru wa sanaa, wengine walisherehekea. Mimi naona jambo jingine: siku lilipotoka kwenye karatasi likapanda ukutani, shairi lile liligeuka kuwa kanga. Lilipata mahali, likapata wapitanjia, na wapitanjia wakauliza swali ambalo kila mwanamke wa pwani huliuliza mbele ya jina la kanga: linaambiwa nani?

Rose Marie Beck, katika kitabu chake cha Kijerumani cha 2001 juu ya matini za kanga, ameonyesha kwamba nguvu ya kanga imo katika utata wake. Ujumbe unafika, lakini aliyeutuma hawezi kushikwa. Naongeza kwamba utata huo haumo katika maneno peke yake. Umo katika uchapaji: katika jina lililowekwa mahali ambapo kukaa kunalifunika na kutembea kunalifunua, mgongoni, ambako msemaji hayaoni maneno yake na msikilizaji anayaona akiwa nyuma.

Mutrah inaongeza tabaka moja. Vibao vya bandari ile vimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Mtalii anayeshuka melini akimwona bibi yule huona herufi anazozijua katika maneno asiyoyajua. Kwake kanga ni umbo tupu, shairi la macho matupu walilolitamani wale wa 1953. Kwa mjukuu aliyezaliwa Muscat baada ya familia kuondoka Unguja, na ambaye pengine anasikia Kiswahili bila kukisoma, kanga ni umbo lenye sauti ya nyumbani, nusu picha na nusu neno. Kwa jirani wa rika lake ni msumari. Nguo ni moja, na usomaji ni wa aina tatu kwenye benchi moja. Mbaya zaidi ni kwamba aina ya tatu inapungua kila anapozikwa bibi mmoja, na kiambatisho cha alfabeti hakitairudisha.

Ndiyo maana naomba tubadili namna ya kukusanya, tukiwa bado na wa kuwauliza. Jina lisinakiliwe bila kanga yake: rangi, mji, pindo, alama ya duka, mwaka ikiwa unajulikana. Aulizwe mvaaji, kwa ridhaa yake, aliifunga vipi na siku gani, na akikataa kusema ilimlenga nani, kukataa kwake kuandikwe pia, maana ni sehemu ya utungo. Na katika darasa la ushairi, kanga iletwe yenyewe, ikunjuliwe mezani, kisha mwanafunzi mmoja aivae na atembee hadi mlangoni.

Nilipoaga, bibi aliniuliza kama sasa nimeisoma. Nikasema ndiyo, yote. Akatikisa kichwa. “Umeyasoma maandishi,” akasema, akaigeukia bandari. Sikumuuliza alikuwa ameivaa kwa ajili ya nani.