Namba za Timbilil

Kila chuo kina desturi ya kutangaza mafanikio ya watu wake: huyu amepata shahada ya uzamivu, yule amepandishwa cheo, mwingine makala yake imechapishwa ng'ambo. Kericho nako hayo yapo. Ila mafanikio ninayoyaonea fahari zaidi kule hayana jina la mtu wala picha ya mtu aliyevaa joho. Yanaitwa TRFK 306, nayo ni aina ya mchai.

Ukiuona huwezi kuukosea. Majani yake machanga ni ya zambarau, na katikati ya kijani kile kinachotanda kutoka Kericho mjini hadi Litein, kikavuka hadi Konoin kule Bomet, mistari ya 306 huonekana kama iliyoingiwa na ugonjwa. Kumbe ni mizima kabisa. Rangi hiyo inaletwa na anthosiani, zile kemikali zinazoipa zabibu nyeusi rangi yake. Mche huo ulitolewa kwa wakulima mwaka 2011, baada ya kazi ya miaka ipatayo 25. Kuna watu walioajiriwa wakiwa vijana, wakaufuata mche mmoja hadi mvi zikawaota.

Kituo kilichouzaa kipo Timbilil, nje kidogo ya mji wa Kericho, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kilianza 1951 kama Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mwaka 1980 kikawa wakfu wa Kenya peke yake, ambao ndio wenye zile herufi TRFK. Siku hizi kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Vibao vya getini vimebadilishwa, mashamba ya majaribio yakabaki pale pale, na kwa kazi ya namna hii hilo ndilo la maana.

Sasa ufundi wenyewe. Mchai ukiachwa bila kuchumwa hutoa ua dogo jeupe lililojaa stameni za manjano. Ua hilo ni nadra kujitungisha kwa chavua yake yenyewe. Linataka ya mchai mwingine, na nyuki ndiye mshenga. Mtafiti anayetaka kuoanisha michai miwili aliyoichagua mwenyewe hana budi kumtangulia nyuki. Hutafuta tumba lililovimba ambalo lingefunguka kesho yake, akalifunua kwa kibano, akang'oa stameni bila kukwaruza sehemu ya kike iliyosimama katikati. Hupaka chavua ya baba, hulivika ua kifuko, hufunga kilebo chenye tarehe. Kisha anaondoka. Maua mengi yatapukutika. Yatakayoshika yatachukua miezi mingi kukomaza tunda gumu lenye mbegu chache, na kila mbegu ni mtoto wa peke yake, asiyefanana sawasawa na ndugu yeyote.

Watoto hao hupandwa kwa wingi na wengi hutupwa. Katika njia za kuwachuja ipo moja ninayoipenda kwa sababu haina makuu. Majani machache huwekwa ndani ya chupa yenye mvuke wa klorofomu. Jani hufa, kijani kikaanza kugeuka kahawia, badiliko lile lile linaloyapata majani kiwandani yakishasagwa na kuachwa yapigwe na hewa. Linalogeuka upesi na kung'aa rangi ya shaba linaahidi chai nyekundu iliyochangamka. Linalosuasua, likabaki na kijani cha topetope, halina ahadi hiyo. Kinachohitajika ni chupa, saa, na jicho lililozoea.

Atakayepenya hapo hulinganishwa na wakubwa. Kwa ubora yupo TRFK 6/8, aliyechaguliwa tangu enzi za taasisi ya Afrika Mashariki. Chai yake bado ndiyo kipimo, ingawa kiangazi kinamsumbua. Kwa wingi wa mavuno yupo S15/10 wa kampuni ya African Highlands, aliyewahi kuandikiwa karibu kilo 11,000 za chai kavu kwa hekta moja kwa mwaka. Mwenye uzito wa huyu na ladha ya yule hupatikana kwa nadra.

Na uzito haupimwi siku moja. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na mavuno ya mwaka wa kwanza baada ya kupogoa hayatabiri ya mwaka wa mwisho. Kwa hiyo wachumaji hupita kila kijisehemu cha jaribio kila wiki moja au mbili, majani mawili na chipukizi, wakapima mbali mbali, na karani akaandika. Wakichanganya vikapu viwili mara moja, takwimu za siku hiyo zimeharibika. Mvua ya mawe nayo ina njia zake. Ya Kericho ni kali kiasi kwamba miaka ya 1960 watu walirusha roketi mawinguni kujaribu kuizuia. Ningekuwa mhariri wa jarida la sayansi, ningedai jina la karani na la mchumaji yakae juu ya makala pamoja na ya profesa.

Mche ukishakubaliwa, unakwenda kitaluni, kwa kuwa mbegu yake haitazaa mche unaofanana nao. Mfanyakazi hukata tawi alfajiri, akatupa ncha laini na kitako kigumu. Kwa wembe anatoa vipande vyenye jani moja moja, kijiti kifupi chini ya jani na jicho zima kwapani. Kipande huzama kwenye ndoo ya maji papo hapo, kisha huchomekwa kwenye kifuko cha udongo wa chini, ule mwekundu usio na mboji, jani lisiguse udongo. Nailoni hufunikwa juu na kubanwa pembeni ili unyevu usitoroke. Wembe ukiwa butu, kijiti huchubuka na kuoza.

Kazi za vitabuni zipo, na si haba. Mwaka 1995 Francis Wachira na wenzake walionyesha kwa vinasaba jinsi michai ya Kenya inavyotofautiana, jambo ambalo kwa macho ni la kubahatisha. Philip Okinda Owuor, mkemia wa Chuo Kikuu cha Maseno, ametumia miaka kuthibitisha kwamba mche ule ule ukipandwa mahali tofauti hautoi chai ile ile. Mwaka 2012 Kerio, Wachira na wenzao walizichambua anthosiani za chai ya zambarau, wakakuta malvidini ndiyo iliyozidi. Kamua ndimu kwenye kikombe cha chai hiyo uone inavyogeuka waridi.

Sokoni mambo hayakuwa mepesi hivyo. Majani ya zambarau yanataka kusindikwa peke yake, na mkulima asiye na kiwanda cha karibu chenye mtambo wake huishia kuyachanganya na ya kijani kwa bei ya kijani. KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, imetenga kiwanda cha Kangaita, Kirinyaga, ambako kutoka Bomet ni safari. Waliopanda kwa matumaini ya bei kubwa wana haki ya kunung'unika.

Mwaka 2018 Robert Koech na wenzake walichapisha utafiti juu ya uzao wa TRFK 303/577, mchai unaostahimili ukame, na mchai mwingine, GW Ejulu, wakionyesha sehemu za vinasaba zinazoambatana na ubora wa chai na kustahimili kiangazi. Njia hiyo inaahidi kufupisha kungoja. Mwanafunzi anayeanza leo pale Kabianga, chuo kikuu kilichopata hati yake 2013 katikati ya michai, huenda akatoa mche wake kabla hajazeeka. Lakini mizani hataikwepa: vinasaba vitamwambia mche upi autupe mapema, havitamwambia kama majani yakishapita kiwandani yatampendeza mwonjaji wa Mombasa, wala mkulima wa Mogogosiek atapata bonasi ya shilingi ngapi.