Bunduki inaona mbali, lakini inamjua nani?

Wandugu wasomi, wa hapa Bungulu na wa kwingine, leo tuhakiki kitu ambacho wengi wetu tunakiangalia kila wiki bila kukihakiki. Ni zile video na makala za "risasi ya kwanza". Mtu anapewa bunduki ya bei kali, ya kupiga mbali, analala kwenye mkeka, anapiga risasi kumi au ishirini kwenye bamba la chuma lililo kilometa moja mbele yake, halafu anatueleza ameionaje. Zinapita kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanashangilia, na mwishoni lazima kijana mmoja aandike: "Tungekuwa na tano tu kama hizi hapa Beni, ADF wangekuwa wameisha."

Ile sentensi njo imenifanya niandike. Aliyeiandika si mjinga. Ni mtu aliyechoka kuzika. Tangu Oktoba 2014 siye watu wa Beni tunazika, na mtu aliyechoka hivyo ana haki ya kuota silaha inayomaliza kazi kwa risasi moja. Ila ndoto nayo inahakikiwa.

Tuanze na haki yao hawa wajaribu bunduki. Wazuri wao wanafundisha, tena wanafundisha vizuri kuliko walimu wetu wengi wa fizikia. Ukisikia wanasema bunduki fulani ni ya "dakika moja", hawasemi habari ya saa. Wanasema pembe: chukua digrii moja, igawe mara 60. Pembe hiyo ndogo, kwa mita 100, inakuwa upana wa karibu sentimita 3. Kwa mita 1,000 inakuwa karibu sentimita 29. Kosa ni lile lile, ila umbali unalikuza. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini bei inapanda: mtutu, darubini na risasi zote zinalipiwa ili ile pembe ipungue kidogo. Wanaeleza pia upepo, joto, na kimo cha mahali. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo risasi iliyopigwa Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, haianguki sawasawa na ile iliyopigwa Durban. Hayo yote ni elimu, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanza pale mwandishi anapomaliza kupima. Anapima uzito, anapima triga, anapima inavyosukuma bega, anapima ukubwa wa tundu kwenye bamba. Halafu anafunga. Bamba la chuma halina jina. Halitembei. Halibebi jembe, halivai koti la jeshi la kuiba. Ndiyo maana jaribio linakwenda vizuri kila mara: swali gumu zaidi la bunduki yoyote limeondolewa kabla risasi ya kwanza haijaingizwa. Swali hilo ni moja tu. Yule pale ni nani?

Sasa tuje nyumbani, juu Kivu ya Kaskazini iko ndani ya historia ya hizi bunduki. Wengi hawajui. Mwezi wa nane 2013, kwenye vilima vya Kibati, kaskazini ya Goma, jeshi letu lilikuwa linapigana na M23, likisaidiwa na Brigedi ya Kuingilia Kati ya MONUSCO. Brigedi hiyo ilizaliwa na azimio 2098 la Baraza la Usalama, tarehe 28 Machi 2013, na askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Hapo mdunguzi wa Afrika Kusini anatajwa kuwa alimpiga ofisa wa M23 kutoka mita 2,125. Mpaka leo risasi hiyo inaonekana kwenye orodha za risasi za mbali zaidi duniani.

Mita 2,125 ni karibu nusu saa ya kutembea kwa miguu. Bunduki yenyewe inaitwa NTW-20, ya kampuni ya Denel ya Afrika Kusini. Ina mtutu wa milimeta 20, na mwingine wa milimeta 14.5, na huo wa pili njo unatajwa kwa Kibati. Inakaribia kilo 30, kwa hiyo inafunguliwa vipande na askari wawili wanagawana mzigo mgongoni. Kwa umbali ule, sauti inahitaji sekunde sita na zaidi kufika. Risasi inatangulia sauti yake. Na ile "dakika moja" tuliyosema, kwa mita 2,125 inakuwa karibu sentimita 62, upana unaozidi mabega ya mtu. Kwa hiyo hata bunduki nzuri inaweza kumkosa mtu aliyesimama wima, bila mpigaji kufanya kosa. Kama kazi ya mkono, risasi ile ni ya ajabu, na sitaki kuipunguza.

Lakini soma simulizi lake kama mhakiki. Mita zipo, milimeta zipo, jina la kampuni lipo. Kinachokosekana ni ile kazi iliyofanyika kabla. Ili mtu apigwe kutoka mita 2,125, lazima kwanza aonekane, na ili aonekane lazima pawe wazi: Kibati ni chini ya Nyiragongo, nchi ya vilima na mawe ya volkano. Lazima pia ajulikane ni ofisa. M23 walikuwa na mstari wa mbele, walikuwa na sare, walishika vilima ambavyo kila mtu alijua ni vyao. Swali la "ni nani?" lilikuwa limejibiwa na vita vyenyewe. Bunduki ilibakiwa na swali jepesi: "yuko wapi?"

Na hata hapo, vita havikuisha kwa risasi ile. M23 walisalimisha silaha Novemba 2013, baada ya mizinga, helikopta, askari wa miguu, na shinikizo la kidiplomasia kwa Rwanda. Mwisho wa 2021 walirudi. Januari 2025 wakaingia Goma tena. Rekodi ya Kibati inakaa palepale kwenye orodha, na vilima vyenyewe vimebadilisha mwenyewe.

Mwaka ule ule wa 2013, huko Texas, kampuni inayoitwa TrackingPoint ilianza kuuza bunduki yenye kompyuta ndani. Bei ya zile za kwanza ilizidi dola 20,000. Kwa hesabu ya Bungulu, hizo ni pikipiki zaidi ya kumi, yaani motari zaidi ya kumi wenye kazi. Namna inavyofanya kazi ni hii: unatazama kwenye darubini, unabonyeza kitufe kuweka alama juu ya unachotaka kupiga, kompyuta inapiga hesabu, kisha unashikilia triga. Bunduki yenyewe inangoja. Alama na mlengo vikikutana, inafyatua. Waandishi waliojaribu walirudi wameshangaa, juu hata mtu asiyejua bunduki aligonga shabaha za mbali sana. Makala zao zilijaa neno moja: urahisi.

Miaka miwili baadaye, 2015, wataalamu wawili wa usalama wa kompyuta, Runa Sandvik na Michael Auger, walionyesha kwamba wanaweza kuingia ndani ya bunduki hiyo kwa njia ya Wi-Fi yake na kubadilisha namba za hesabu, mpaka risasi ikagonga shabaha nyingine kabisa, wakati mpigaji anaamini amelenga sawasawa. Kwangu, jaribio lao njo uhakiki bora kuliko video zote za risasi ya kwanza. Wale wengine waliuliza kama bunduki inagonga. Hawa wawili waliuliza inagonga kwa amri ya nani, na kwa habari gani. Bunduki sahihi yenye habari ya uongo inagonga uongo sawasawa.

Sasa weka hayo yote kwenye ardhi yetu. Beni si Kibati. Kwenda Mbau, kwenda Kamango, kuingia Mayangose, ni msitu na mashamba ya kakao. Jicho linaishia mita chache, na mita 2,000 zote zilizobaki ni majani. Wauaji wanakuja usiku, mara nyingi na panga na shoka, karibu kiasi cha kumwita mtu kwa jina. Ripoti nyingi za mauaji ya huku zimeeleza washambulizi waliovaa sare kama za jeshi letu. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Agosti 2016, pale Rwangoma, waliuawa watu zaidi ya 40, ndani ya mji huu huu. Mama aliyesimama mlangoni hakuhitaji darubini kuwaona. Alihitaji kujua kama wale wenye sare ni walinzi au ni kifo.

Na si raia peke yao. Kanali Mamadou Ndala, aliyeshangiliwa kama shujaa wa vita vya M23, aliuawa tarehe 2 Januari 2014 karibu na mji wetu, kwenye shambulio la kuvizia. Mwaka huo huo mahakama ya kijeshi ilihukumu watu kwa kifo chake, na kati yao walikuwemo maofisa wa jeshi alilolitumikia. Aliyekuwa ameshinda vita vya vilima alikufa njiani, na hakuna darubini ingemuonyesha nani anajua safari yake.

Tena tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, barabara ya Mbau na Kamango. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha, watu wa Brigedi ile ile iliyosifiwa Kibati. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofuata ulisema wazi kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada na kuwatoa. Silaha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kufika. Hawa walikuwa wageni waliokuja kutulinda, na deni lao tunalo.

Ndiyo maana Novemba 2019, baada ya mauaji ya Boikene, vijana walichoma meri na kuingia kambi ya MONUSCO. Sisifii moto. Lakini sikiliza walichokuwa wanasema: kambi iko hapa, silaha nzito ziko hapa, na watu wanachinjwa kwenye kartie ya jirani. Hawakulalamika kwamba risasi haziendi mbali. Walilalamika kwamba msaada uliokuwa karibu haufiki.

Kuna ndugu atanijibu: "Kwa hiyo askari wetu wapigane na fimbo?" Hapana. Askari anayelala porini kwa ajili yetu anastahili silaha nzuri, viatu vizuri, na mshahara unaofika. Ninachokataa ni kipimo. Tukikubali kupima ulinzi wetu kwa mita za bunduki, tutapewa mita. Wakubwa watakuja na picha za silaha mpya, tutapiga makofi, na swali la "ni nani?" litabaki kwa yule mama mlangoni.

Kama ningeombwa kuandika "risasi ya kwanza" ya Beni, ningebeba saa ya mkononi na daftari. Ningepima dakika kati ya filimbi ya kwanza na askari wa kwanza kufika. Ningepima nani anapokea simu ya mkulima saa nane ya usiku, na kama anaiamini. Ningeuliza kama shahidi aliyemtambua muuaji anaweza kusema jina lake na akalala salama kesho yake. Ningehesabu mara ngapi watu walitoa habari kabla ya shambulio, na habari ile ilikwama meza gani. Hizi namba hazihitaji darubini ya dola elfu kadhaa. Zinahitaji watu wanaojua kuandika, kuhesabu na kuuliza bila kuchoka, na wandugu, hiyo njo kazi tuliyoisomea. Kuna wanasheria kati yetu, kuna wa informatiki, kuna wa takwimu. Kila komini ina mikutano ya usalama. Tuingie na maswali haya, kwa adabu, kila mara, mpaka yajibiwe kwa namba.

Wewe uliyeandika "tungekuwa na tano kama hizi", endelea kuangalia zile video. Utajifunza upepo na pembe. Ila kila mara mjaribu anapolala kwenye mkeka na kushika pumzi, uliza kwa niaba ya watu wa kwenu: hapo mbele wameweka bamba. Siku wakiweka mtu, nani atakuwa amewaambia ni yule?