Siti binti Saad na Wimbo wa Kijiti

Madarasani tumezoea kumtaja Siti binti Saad kwa sauti yake na kwa santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928. Sifa hizo ni haki yake, ila zinaifunika hoja yake. Utazame wimbo wa Kijiti, uliozuka katika kisa cha kweli cha Unguja: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, tena mja mzito, anauawa, mwuaji anavuka bahari kukimbia, na wanawake waliofuatana na marehemu ndio wanaotiwa gerezani.

Baadhi ya wenzetu huuita wimbo huu maombolezo. Sikubaliani nao. Mwenye kuomboleza humlilia maiti. Wimbo huu wamtaja mwuaji kwa jina, mbele ya kadamnasi, jambo ambalo hukumu ya korti haikulitimiza. Lugha yake ni ya kusimulia, haina kelele. Utulivu huo, nadhani, hakuupata bure binti wa Fumba aliyetembeza vyungu vya mamaye akiwa hana hadhi mjini.

Nilipoufundisha, msichana mmoja aliuliza mashahidi walikosa nini. Kengele ililia tungali tukibishana.