Nafasi ya Kutubu katika Tamthilia ya Hamlet

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu William Shakespeare kupitia tamthilia alizotafsiri Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Tamthilia yake ya Hamlet, iliyoandikwa Uingereza yapata mwaka 1600, huelezwa kwa kawaida kuwa ni kisa cha mwana wa mfalme anayechelewa kulipiza kisasi. Sisi tunaona kwamba ina swali zito zaidi kwa waamini: ni nani mwenye haki ya kumnyima mwenzake nafasi ya kutubu?

Mfalme wa Denmark amefariki. Ndugu yake, Claudius, ametwaa taji na kumwoa mjane, Gertrude. Usiku mzuka wa marehemu unamtokea mwanawe, Hamlet, na kumweleza kwamba ndugu huyo ndiye aliyemuua, kwa kummiminia sumu sikioni akiwa amelala bustanini. Lakini kinachomuuma marehemu si kifo peke yake. Analalamika kwamba aliondolewa ghafla, dhambi zake zikiwa bado juu yake, bila kuungama wala kupewa sakramenti. Tulishike lalamiko hilo, maana litarudi.

Katika sehemu ya tatu Claudius anapiga magoti peke yake. Anakiri kwamba amebeba laana ya kale ya ndugu kumuua ndugu, kama Kaini. Kisha anajiuliza kama mtu anaweza kusamehewa huku bado ameshikilia faida ya dhambi yake: taji na malkia. Jibu analijua, ila hataki kuviachia. Hapo Shakespeare ametuchorea kwa ukweli mkubwa moyo unaotaka msamaha bila toba. Zakayo alipotubu alirudisha. Sisi nasi mara ngapi tumepiga magoti kanisani huku shamba la yatima likiwa bado mikononi mwetu?

Wakati huohuo Hamlet anaingia, upanga mkononi. Anamwona adui yake amepiga magoti, na anauzuia mkono wake. Anayetazama kwa haraka atadhani ni huruma. Sivyo. Hamlet anafikiri kwamba akimuua mtu anayesali, atampeleka mbinguni. Afadhali angoje amkute amelewa, au amekasirika, au yuko kitandani na dhambi zake, ili roho yake iende motoni. Mhakiki Samuel Johnson, alipochapisha tamthilia za Shakespeare mwaka 1765, aliyaona maneno hayo kuwa ya kutisha mno. Tunakubaliana naye. Kumuua mtu ni kumwondolea siku zake. Hamlet anataka kumwondolea hata umilele, akikalia kiti ambacho ni cha Mungu peke yake. Naye akishaondoka, Claudius anasimama na kukiri kwamba sala yake haikufika, kwa kuwa moyo haukuwamo. Chumba kimoja, watu wawili, na wote wawili wanaipita neema mlangoni.

Mbele zaidi mambo yanazidi kuwa mabaya. Rosencrantz na Guildenstern, rafiki zake Hamlet tangu utotoni, wanatumwa kumsindikiza Uingereza wakiwa na barua ya mfalme inayoagiza auawe. Hamlet anaigundua, anaandika nyingine, na kuagiza walioileta wauawe mara moja, wasipewe hata muda wa kuungama. Shakespeare hatuonyeshi popote kwamba vijana hao walijua kilichoandikwa katika ile ya kwanza. Baadaye Hamlet anamwambia rafiki yake Horatio kwamba vifo hivyo havimsumbui dhamiri. Hapa lalamiko la baba limerudi: jambo lilelile alilotendewa baba, mwana sasa anawatendea wengine. Hivyo ndivyo kisasi kinavyofanya kazi. Huanza kwa kudai haki ya aliyeonewa, kikaishia kumfanya mdai afanane na mdhalimu.

Katika simulizi ya kale iliyoandikwa na Saxo Grammaticus wa Denmark, mlipiza kisasi anashinda na kutawazwa kuwa mfalme. Shakespeare ameuondoa ushindi huo. Tamthilia inakwisha watu 8 wakiwa wamekufa, na taji likienda kwa mgeni, Fortinbras wa Norway. Shakespeare hahubiri, hata anamwacha Horatio amwombee Hamlet pumziko jema. Lakini katikati ya maiti ameweka taa moja. Laertes, ambaye baba yake aliuawa na Hamlet, anakata roho kwa sumu aliyoitayarisha mwenyewe, na anamwomba Hamlet wasameheane. Hamlet anakubali. Zimebaki dakika chache tu, lakini zimewatosha.

Wako miongoni mwetu walioumizwa kweli, na hatuwaambii kwamba jeraha lao ni dogo. Tunawauliza tu kama wanamtakia aliyewaumiza atubu, au wanamtakia afe hivyohivyo. Stefano alipokuwa akipigwa mawe aliwaombea wauaji wake, na kijana aliyelinda mavazi yao aliitwa Sauli. Sauli huyo alipewa muda, naye akawa Mtume Paulo.