Sensa ya Mtikisiko kwenye Alamu ya Kiwandani: Ulinzi au Kelele?

Siku chache baada ya mjomba wangu kufungiwa sensa ya mtikisiko kwenye gari lake, mlinzi wa mtaa alimfuata asubuhi. "Shikamoo mzee. Hilo gari lako limelia usiku kucha." Mjomba akacheka, akasema basi hela yake haikwenda bure. Wiki mbili baadaye gari likalia tena, saa tisa usiku. Mlinzi hakunyanyuka, majirani hawakunyanyuka, na mjomba mwenyewe aligeukia ukutani akaendelea kulala. Kulipokucha, saiti mira zote mbili zilikuwa zimeondoka.

Ona ajabu yake: sensa ilifanya kazi. Mwizi alikuja, sensa ikamhisi, honi ikalia. Bado vioo viliibiwa. Shahada yangu ya uzamili niliifanya kwenye ishara za vihisi, kwa hiyo kisa hiki kimenikaa kichwani. Nakiandikia kwa sababu kifaa hiki kinauzwa kama dawa, na mafundi wengi wanakifunga bila kuuliza swali la msingi: kinahisi nini hasa?

Tuanze na alamu ya kiwandani. Magari mengi madogo tunayoagiza yakiwa yametumika kutoka Japani yana alamu rahisi sana. Inasikiliza swichi za milango, na mara nyingi swichi ya boneti. Ukifunga kwa rimoti, halafu mlango ukafunguliwa bila rimoti, honi inalia. Basi. Mwizi wa saiti mira au wa taa hafungui mlango, kwa hiyo kwa alamu hiyo ni kama hayupo. Mtengenezaji aliwaza wizi wa gari zima. Huku kwetu gari linaliwa kidogo kidogo. Hapo wazo la kuongeza sensa lina mantiki kabisa, na siwalaumu wanaolifuata.

Sensa yenyewe ni kitu cha kupendeza. Nyingi hutumia kipande cha piezo, yaani kauri au fuwele inayotoa umeme kidogo ikikandamizwa. Tabia hiyo waliionyesha ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Ukigonga bodi ya gari, mtikisiko unasafiri kwenye chuma, unafika kwenye piezo, volti zinapanda, na sakiti ndogo inaamua: je, zimepita kiwango nilichowekewa? Kiwango hicho unakirekebisha kwa kuzungusha skrubu ndogo.

Ukosoaji wangu wa kwanza uko kwenye skrubu hiyo. Sensa nyingi za bei nafuu zinapima zaidi ukubwa wa mtikisiko, hazichambui sana aina yake. Lori likipita, ardhi inatikisika polepole, mara chache au makumi kadhaa kwa sekunde. Kioo kikigongwa, mtikisiko ni mfupi na wa kasi kubwa zaidi. Kichujio kizuri kinaweza kuvitenganisha hivyo viwili. Skrubu peke yake haiwezi. Ukiilegeza, inakosa mkono wa mwizi mtulivu anayebandua kioo taratibu. Ukiikaza, kila paka anayeruka juu ya boneti anakuwa jambazi. Mpira wa watoto unaweza kutikisa gari kuliko bisibisi ya mwizi mzoefu.

Sasa tupige hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme mwizi anakuja mara 1 kwa mwaka, na sensa inampata bila kukosea. Tuseme pia inalia bure mara 3 kila usiku. Kwa mwaka ni milio 1,095 ya uongo na 1 wa kweli. Kwa hiyo gari likilia, uwezekano kwamba kuna mwizi ni 1 kati ya 1,096. Mlinzi asiyeamka si mvivu. Amefanya hesabu hiyo kwa usingizi wake. Punguza milio ya uongo iwe 1 kwa mwezi, uwezekano unakuwa 1 kati ya 13. Hapo mtu anaweza kuchungulia dirishani. Mwizi ni yule yule na sensa haijaongezewa ukali wowote. Kilichobadilika ni imani ya wanaoisikia.

Ukosoaji wa pili ni wa ufungaji. Alamu ya kiwandani kwa kawaida haina tundu la kuchomeka sensa ya nje, kwa hiyo fundi anaidanganya: anaunga waya wa sensa kwenye waya wa swichi ya mlango. Sensa ikihisi kitu, inaugusisha waya huo na eksi, nayo alamu inaamini mlango umefunguliwa. Ni ujanja mzuri, lakini kwenye magari mengi waya huo ndio pia unaowasha taa ya ndani. Taa ya wati 10 kwenye volti 12 inavuta karibu ampia 0.8. Sensa nyingi zina transista ndogo ya kubeba miliampia mia chache tu. Inafanya kazi leo, kesho inaungua, na mwenye gari hajui.

Njia bora ni waya wa swichi ya boneti, kama alamu yako inausikiliza. Mara nyingi hubeba ishara tu, hauna taa ya kuwasha. Weka dayodi katikati, mstari wake ukielekea kwenye sensa, ili volti za sensa zisirudi kwenye alamu. Sensa yenyewe ifungwe imara kwenye chuma chini ya dashibodi. Nimeona iliyoning'inizwa kwenye fungu la nyaya kwa gundi ya pande mbili. Nyaya ni kama mto wa kulalia, zinameza mtikisiko. Kisha fundi anakaza skrubu kufidia, na tumerudi kwa paka.

Kwenye magari mapya zaidi ujanja huu huenda usiwezekane kabisa. Hali ya mlango inasafiri kama ujumbe wa kidijitali kwenye mtandao wa ndani unaoitwa CAN. Kukata waya hapo ni kutafuta kesi.

Kuna lawama moja ambayo sensa haistahili: kwamba inamaliza betri. Ikivuta miliampia 5, kwa siku ni ampia-saa 0.12, na kwa siku 30 ni 3.6. Betri ya ampia-saa 35 inapoteza takriban sehemu moja ya kumi, tena kama gari halijawashwa mwezi mzima. Betri yako ikifa kila wiki, tafuta mchawi mwingine.

Kinachonisikitisha zaidi ni kitu kizuri kinachotupwa. Sensa nyingi zina hatua mbili. Mguso mdogo unatoa onyo fupi, mguso mkubwa unaamsha king'ora. Hatua ya kwanza ndiyo yenye akili, kwa sababu inamwambia mwizi "nimekuona" bila kuamsha mtaa. Ila alamu ya kiwandani haina pa kupokelea onyo, hivyo fundi anaukata waya huo na kuuzungushia tepu. Unalipia hatua mbili, unapata moja, na ile yenye kelele. Ukitaka zote, mwambie akuwekee kengele ndogo kwenye waya wa onyo, na sensa ipate umeme gari likiwa limefungwa tu. La sivyo italia kila ukipita kwenye tuta.

Kabla ya kununua chochote, jaribu hivi. Shusha kioo, funga gari kwa rimoti ukiwa nje, subiri dakika moja, ingiza mkono na ufungue mlango kwa ndani. Kama kimya, huenda huna alamu kabisa, na sensa haina pa kuungwa.

Hukumu yangu: sensa ni nzuri, jinsi tunavyoifunga ni mbovu. Ifungwe kwenye chuma, kwa dayodi, kwenye waya sahihi, na irekebishwe kwa wiki nzima, si kwa dakika tano pale gereji. Ikilia bure zaidi ya mara moja mbili kwa mwezi, ilegeze, hata kama moyo unasita.

Mjomba amenunua vioo vingine na kuviandika namba ya gari kwa kuchora, kama wafanyavyo wengi Dar. Mchoro hauhisi chochote na haulii. Unampunguzia mwizi bei sokoni tu. Sensa bado ipo, imelegezwa. Mwezi uliopita ililia mara moja, na mlinzi alitoka na tochi.