Zamu na Saa

Michezo ya akili hujengwa juu ya namna mbili za wakati. Wa kwanza ni wakati wa zamu, ambao hausogei mpaka mchezaji atie mkono wake. Wa pili ni wakati wa saa, ambao huenda upendwe usipendwe. Katika bao, drafti na sataranji, wakati wa zamu ndio mwenye nyumba, na saa ni mgeni aliyekaribishwa baadaye. Katika miaka ya karibuni mgeni huyo amekalia kiti cha mwenyeji. Imezuka desturi ya watu kuichukua michezo ya kompyuta ya zamani, hata ile iliyotungwa ichezwe kwa zamu na kwa kutafakari, wakashindana nani ataimaliza kwa muda mfupi kuliko wenziwe. Desturi hiyo yastahili kupimwa na wahakiki wa fasihi, maana swali lililo ndani yake ni swali la fasihi: mtu aipendaye kazi ya kale afanye nayo nini?

Hapana mahali pafaapo zaidi kuulizia swali hilo kuliko miteremko ya Kilimanjaro. Katika Soweto ya Moshi, kama katika mitaa mingine ya miji ya Tanzania, drafti huchezwa kwa ubao uliochorwa kwa mkono na kete za vifuniko vya soda, mmoja akivilaza kifudifudi na mwenziwe akivilaza chali. Juu ya mitaa hiyo umesimama mlima wa mita 5,895, ambao waongozaji wake humwambia kila mgeni neno moja tu: polepole. Lakini mlima huo huo una mbio zake. Mwaka 2006 Simon Mtuy, mwongozaji Mtanzania mzaliwa wa miteremko hiyo, alipanda kileleni na kushuka bila kusaidiwa kwa muda uliozidi kidogo saa 9. Na mwaka 2014 Karl Egloff, mwenye asili ya Ekuado na Uswisi, alikwenda na kurudi kwa saa 6 na dakika 42. Safari ambayo wageni huigawa katika siku tano mpaka tisa ilimalizwa kabla jua halijatua. Basi mahali pamoja pana zamu na saa, pana polepole na haraka, na mwenye kutaka kuvitenga vitu hivi viwili hana budi kutazama kwa makini kabla ya kukata shauri.

Rai iliyozoeleka husema kwamba haraka ni ugonjwa wa sasa na utulivu ni tunu ya zamani. Mithali huletwa kuwa shahidi: haraka haraka haina baraka. Mzee aliyeinamia bao barazani huwekwa upande mmoja, na kijana aliyeinamia kioo cha simu huwekwa upande wa pili, kisha hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Rai hiyo ina utamu wa kumbukumbu, lakini hailijui bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu mbili za manane kwa kila mchezaji, na kete 64. Katika mwanzo wake kila mchezaji huweka kete 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani nayo. Zilizobaki, 22, hukaa mkononi. Sehemu ya kwanza huitwa namua: kila zamu kete moja hutoka mkononi na kuingia ubaoni. Zikiisha, huanza mtaji, na hapo mchezaji hutegemea zilizomo mashimoni tu. Hamna dado wala karata, na hapana kilichofichwa. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote wawili. Pamoja na uwazi huo, kete moja yaweza kula, ikazungusha, ikala tena, ikaendelea hata mtazamaji akapoteza hesabu kabla ya kete ya mwisho kulala. Fundi wa bao ameuona mwisho wa mzunguko huo kabla hajagusa shimo. Akisha kuuona, mkono wake huenda mbio, na mgeni aliyeketi kando huona kete zikiruka asijue ziendako. Alex de Voogt, ambaye mwaka 1995 alitoa utafiti wake juu ya mabingwa wa bao, aliupa kitabu jina la mipaka ya akili, na jina hilo halikuwa la mapambo. Katika bao ufundi ni kuona upesi. Utulivu wa baraza ni wa wanaosubiri zamu, na aliye katika zamu yake hana nafasi ya kustarehe.

Kwa hiyo haraka si mgeni katika michezo ya kale. Zaidi ya hayo, namua ina saa yake ya ndani: kete 22 za mkononi ni muda uliogawiwa kwa haki, na kila ipitayo hairudi. Bao limekuwa likihesabu wakati kabla mtu hajaweka saa ya chuma kando yake.

Ukijulikana ukweli huu, desturi mpya yaweza kutazamwa bila hofu. Chimbuko lake lilikuwa katika michezo ya kupiga risasi. Doom, uliotolewa Desemba 1993, ulikuwa na uwezo wa kuhifadhi mwendo mzima wa mchezaji katika faili ndogo, na wapenzi wake wakaanza kupelekeana mafaili hayo kama watu wapelekeanavyo mashairi ya kujibizana. Mwaka 1997 kikundi cha wachezaji wa Quake kilionyesha kwamba mchezo ule mzima waweza kumalizwa chini ya dakika 20. Baadaye desturi ikaenea mpaka kwenye michezo ya zamu, na hapo ndipo ilipokutana na tatizo lenye maana kwa mhakiki.

Mfano mwema ni Fire Emblem, mchezo wa vita vya zamu uliotolewa Japani mwaka 1990 na ukaanza kuuzwa nje ya nchi hiyo mwaka 2003. Mchezaji huongoza kikosi kidogo katika uwanja wenye miraba, na sheria yake iliyoupa sifa ni kwamba askari afaye harudi. Kila askari ana jina, sura na maneno yake. Akianguka kwa uzembe wa kiongozi, nafasi yake hubaki tupu mpaka mwisho wa hadithi. Wengi waliocheza utotoni hukumbuka vifo hivyo kama wakumbukavyo vifo vya riwaya, na hukumbuka pia kwamba walianza upya mara nyingi kwa kutokubali kumwacha mmoja.

Wapenzi wa mchezo huo wameugawa ubingwa katika njia mbili. Kuna wanaohesabu zamu: mshindi ni aliyemaliza vita kwa zamu chache. Na kuna wanaohesabu sekunde: mshindi ni aliyemaliza mapema kwa saa ya ukutani. Kwa mtazamo wa juu juu mambo haya yaonekana kuwa mamoja, lakini yametengana. Anayehesabu zamu aweza kukaa usiku mzima akipima hatua moja, kwa sababu saa haimdai. Kazi yake ni ndugu ya fumbo la sataranji. Anayehesabu sekunde aweza kupoteza zamu kwa hiari, maana zamu tupu hupita upesi kuliko zamu yenye mapigano mengi. Yeye huzima picha zote za vita, huruka maneno yote ya hadithi, na hutegemea mikono iliyofundishwa kwa kurudia. Wa kwanza anabaki katika wakati wa zamu na kuubana mpaka utoe kiini chake. Wa pili ameutoa mchezo katika wakati wake na kuutia katika wakati mwingine.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Katika michezo ya Fire Emblem ya miaka ile ya 2002 mpaka 2004, bahati ya pigo haitokani na bahati hasa, bali na mfululizo wa tarakimu uliokwisha kupangwa ndani ya mashine. Waliouchunguza mchezo waligundua kwamba kule kuchora mshale wa njia ya askari, kabla ya kumpeleka, kwaweza kuusogeza mfululizo huo. Basi huchora na kufuta mpaka tarakimu njema iwafikie. Mchezaji wa kawaida huliita jambo hilo udanganyifu. Mhakiki ataliita kwa jina jingine, ambalo ni usomaji. Msomaji huyo ameingia chini ya maneno ya kazi mpaka mahali ambapo pengine hata mtunzi hakukusudia yeyote afike, akaonyesha kwamba yale yaliyoitwa majaliwa yalikuwa sarufi. Hivi ndivyo afanyavyo mwanazuoni wa ushairi ahesabuye mizani na vina, akatambua shairi limejengwaje, ingawa aliyelia aliposikia shairi lile hakuhesabu kitu.

Hata hivyo usomaji huo una gharama. Mwenye mbio huwaacha askari wafe iwapo kifo chao chafupisha njia, na huwapita wengine bila kuwaandikisha. Sheria ya kwamba afaye harudi, iliyowekwa ili imfanye kiongozi awajali watu wake, yageuka kuwa hesabu ya nani aweza kutumiwa. Hapa hukumu yapasa kuwa wazi: mbio zimeufunua mwili wa mchezo na kuunyamazisha moyo wake. Si kosa la mkimbiaji, kwa kuwa aliyelia utotoni na akimbiaye leo aghalabu ni mtu mmoja. Hakuna awezaye kukimbia katika mchezo asioujua kwa moyo. Mtuy alikuwa mwongozaji, mtu wa njia zile, kabla ya kushindana na saa. Na polepole ya mlima yenyewe si mahubiri ya tabia njema, bali ni shauri la mwili, kwa sababu damu huhitaji siku kadhaa kuzoea hewa iliyo haba. Ni mazoea hayo ya siku nyingi yanayomwezesha mtu kufanya haraka baadaye.

Ikiwa haraka si adui, basi kilichopotea ni nini, hata watu wakahuzunika wakumbukapo michezo ya zamani? Jibu liko katika neno zamu lenyewe. Zamu yangekuwa maneno matupu kama hapangekuwa na mtu wa pili. Katika bao na drafti, kila nipishe ina anayepisha. Kuna uso wa kutazamwa, kuna kejeli, kuna watazamaji wanaoshauri bila kuombwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mpaka mnamo mwaka 1840, aliweza kulitia bao katika mashairi yake ya mabishano kwa sababu wasikilizaji wake walijua kwamba bao lina adui aliye hai, ajibuye. Mkimbiaji wa kompyuta hushindana na mashine isiyochoka, na zaidi hushindana na muda wake wa jana. Baraza limemhama.

Lakini kumbukumbu nayo ihojiwe. Baraza linalosifiwa lilikuwa la wanaume zaidi, na si kila kijana aliruhusiwa kutia mkono. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya magofu ya Pate, haukuombolezea majumba ili yajengwe tena. Uliyatumia kuionya nafsi. Huo ni ukumbusho wenye kazi. Ukumbusho wa michezo, kinyume chake, mara nyingi hukaa kitako: husifu, huugua, kisha haufanyi lolote.

Na lipo la kufanya, ambalo hao wenye haraka wamewashinda wenye kupenda ya kale. Mbio za Quake za mwaka 1997 zingali zaweza kutazamwa hatua kwa hatua. Zimehifadhiwa, zimekaguliwa, zimebishaniwa. Kila mwenye kudai ushindi hutakiwa kuleta ushahidi, na wenzake huupima. Mchezo wa sataranji nao una maandishi yake, hata mapambano ya karne zilizopita husomwa leo na mwanafunzi. Je, mapambano ya mafundi wa bao wa Unguja na Lamu yako wapi? Kwa sehemu kubwa yalikwisha siku ile ile kete zilipokusanywa. Mwalimu Nyerere, aliyeipa Tanzania tafsiri za tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alijulikana pia kwa kupenda bao. Kila neno la tafsiri hizo laweza kuchunguzwa. Kete zake zilikwenda na mkono wake.

Hasara hiyo si ya michezo peke yake. Lugha ya bao ni hazina ya Kiswahili: nyumba, kichwa, kimbi, namua, takasa, mtaji, kulala. Maneno hayo yana maana kamili pale tu yanapotumika katika pambano fulani, kama vile istilahi za ushairi zisivyo na uhai pasipo shairi. Kamusi iliyoyaorodhesha bila mapambano ni kama kitabu cha bahari na vina kisichokuwa na ubeti hata mmoja.

Vyuo vikuu vina wanafunzi, vina karatasi, na sasa kila mwanafunzi ana simu yenye uwezo wa kupiga picha za mwendo. Mwanafunzi atokaye Moshi aweza kuanza na drafti ya vifuniko vya soda, na wa pwani aweza kuanza na bao: kuandika zamu moja baada ya moja, kumwuliza mchezaji aliona nini kabla ya kutia mkono, na kuyaweka maandishi hayo pale ambapo mwingine aweza kuyapinga. Kazi hiyo itakwenda polepole, na zamu ya kuifanya si ya wazee.